Bunduki ya .375 inapiga vizuri Tanga, lakini inahama shabaha ikifika bara

Mkazi wa Raskazone:

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu habari za kazi. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa bunduki nzito za kuwindia. Ninamiliki kihalali bunduki ya kaliba ya .375 H&H Magnum yenye kitako cha mbao na darubini ya ukuzaji mdogo, na huitumia katika uwindaji wa wenyeji pale msimu unapofunguliwa na kibali kinapopatikana. Kabla ya safari huijaribu hapa Tanga, katika uwanja wa kulenga shabaha na kwa ruhusa ya polisi. Katika umbali wa mita 100 risasi tatu huingia ndani ya duara la sentimita tano au sita, nami huridhika na kuifunga kwa safari.

Tatizo huanza tunapofika bara, upande wa Handeni na kuendelea, ambako hewa ni kavu. Nikiegemea mfuko uleule wa mchanga na kutumia risasi za boksi lilelile, matundu huhamia kushoto kwa karibu upana wa kiganja. Zaidi ya hapo, risasi ya kwanza ya siku mara nyingi huenda peke yake mahali pengine kabla ya zinazofuata kukusanyika. Nimewahi kudhani ni mwinuko kutoka usawa wa bahari, au joto, au mtikisiko wa gari. Niongeze kwamba kwa sababu ya chumvi ya bahari ninapaka mafuta mengi ndani na nje ya mtutu kila baada ya matumizi, kwa kuwa kutu hapa haingoji wiki.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nianze kutafuta wapi chanzo cha kuhama huku? Pili, bunduki ya kuwindia nyati na pofu inatakiwa iwe sahihi kiasi gani? Wapo wanaosema isiyoweka matundu yote ndani ya sentimita tatu katika mita 100 haifai, na wapo wanaosema hayo ni mambo ya mashindano, hayahusu porini.

Fundi wa Dunda:

Marahaba, kijana wangu. Maelezo yako yanajitosheleza kuliko ya wateja wengi wanaoniletea bunduki hapa Bagamoyo wakisema tu kwamba imeharibika, kwa hiyo ninaweza kukujibu bila kubahatisha sana.

Mwinuko hauna lawama. Ni kweli kwamba hewa ya Handeni ni nyepesi kidogo kuliko ya Tanga mjini, lakini kichwa cha risasi cha greni 300, ambacho ni gramu 19 na ushee, hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde, na katika mita 100 tofauti hiyo ya hewa haipati hata nafasi ya kufanya kazi. Joto nalo huongeza shinikizo la baruti na kasi ya risasi, kwa hiyo athari yake ni ya juu na chini, si ya kushoto. Hata hivyo usiache risasi juu ya dashibodi ya gari juani, kwa sababu shinikizo likizidi, ganda hunasa ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na boliti, yaani komeo lake, hukataa kufunguka, na hilo si jambo la kukutana nalo mbele ya nyati.

Kuhama kwenda kushoto kunanipeleka moja kwa moja kwenye mbao. Mbao hunywa unyevunyevu wa hewa na kuvimba, na huvimba zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu. Bunduki inayokaa Raskazone, hatua chache kutoka baharini, mbao yake ya mbele inaweza kuvimba hadi ikaugusa mtutu upande mmoja na kuusukuma. Wewe unarekebisha darubini ukiwa Tanga, yaani unairekebisha pamoja na msukumo huo bila kuujua. Ukifika bara mbao inakauka, msukumo unapungua, mtutu unarudi mahali pake, na darubini inabaki ikielekea ulipokuwa. Kama makisio yangu ni sahihi, mbao yako inaugusa mtutu upande wa kushoto, nao mtutu unasukumwa kulia; ukiachiwa, unarudi kushoto.

Kuthibitisha ni rahisi. Hakikisha kwanza bunduki haina risasi. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uupitishe chini ya mtutu kuanzia mdomoni, kisha uuvute taratibu kuelekea chemba huku ukishika ncha zote mbili. Mahali karatasi inapokwama ndipo mbao inapogusa. Fanya hivyo ukiwa Tanga, na ukifika bara urudie.

Ikithibitika, mbao inapunguzwa kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo, hadi karatasi iliyokunjwa mara mbili au tatu ipite bila kusita. Usiguse kabisa sehemu ya nyuma ambako kikwamizo cha chuma kilicho chini ya chemba hukaa, kwa kuwa hapo ndipo bunduki ya .375 huishindilia mbao kwa teke lake lote, na kikwamizo kisipokaa sawasawa, kitako hupasuka. Sehemu hiyo ikiwa imelegea, hujazwa gundi ya epoksi, na kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni. Baada ya kukwangua, pakaa vanishi ndani ya mfereji wote wa mbao unaolaliwa na mtutu na pia nyuma ya kitako, chini ya ile raba ya begani, mahali ambapo nyuzi za mbao zimekatwa kwa kukingama. Wengi hupasahau, na hapo ndipo mbao inaponywa maji kuliko popote.

Sasa kuhusu risasi ya kwanza inayokwenda peke yake, jibu umelitaja mwenyewe pasipo kusudi: ni mafuta. Risasi inayopita katika mtutu wenye mafuta haipiti kama ile inayopita katika mtutu mkavu, na mahali itakapotua hapatabiriki. Endelea kupaka mafuta kwa ajili ya kuhifadhi, kwani chumvi ya pwani haina huruma, lakini asubuhi ya kuwinda pitisha vitambaa vikavu hadi kitoke kisicho na alama, na chemba nayo uifute. Usiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa kitambaa, maana mfuko hushika unyevunyevu na kuufungia pamoja na chuma.

Mwisho, kaza skrubu za vishikizo vya darubini baada ya kuzisafisha mafuta kwa spiriti, kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kichwa cha skrubu na chuma kinachoizunguka. Mstari ukikatika, utajua kwamba barabara imefanya kazi yake.

Mlengaji wa Chumbageni:

Mzee wangu Fundi, shikamoo. Sikatai habari ya mbao, lakini ninaomba tusimwache mpigaji nje ya uchunguzi. Mtu anayetumia mkono wa kulia akiogopa teke la bunduki hukaza kiganja na kukivuta kifyatulio kwa ghafla, na risasi zake zinaweza kuhamia pembeni kwa kiasi hicho hicho alichokieleza ndugu yetu. Bara anakofika amechoka na safari, bega limeshaumia kwa mazoezi ya juzi, na huenda anapiga haraka kwa kuwa wenzake wanamngoja. Kwa hiyo bunduki inaweza kuwa nzima, aliyebadilika akawa mtu.

Kipimo chake hakina gharama kubwa. Mwombe mwenzako aijaze bunduki bila wewe kuona, akichanganya risasi halisi na risasi bandia zisizo na baruti wala kiberiti. Utakapovuta kifyatulio juu ya risasi bandia, bunduki inatakiwa itulie kama jiwe. Mdomo wa mtutu ukiinama au ukiruka, mashahidi wote watauona, na hutaweza kuilaumu mbao. Dawa ni kufyatua mara nyingi bila risasi nyumbani, kufanya sehemu kubwa ya mazoezi kwa bunduki nyepesi kama ya .22, na kuipiga .375 risasi chache tu kwa siku, tena ukiwa umesimama na kuegemea magongo, kwa sababu mwili uliosimama huyumba pamoja na teke, ilhali uliokaa mezani hulipokea lote begani.

Jambo la pili ni hesabu. Matundu matatu hayatoshi kukuambia tabia ya bunduki. Matatu yanaweza kukusanyika kwa bahati leo na kutawanyika kesho, na wengi hukata karatasi ya siku ya bahati wakaitembeza mfukoni kama cheti. Ningekushauri utumie karatasi moja ya shabaha kwa muda mrefu: kila unapofika uwanjani, kabla ya jambo lolote, piga risasi moja tu kwa mtutu uliopoa, andika tarehe kando ya tundu, kisha uiondoe karatasi hiyo hadi safari nyingine. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na picha ya kweli ya risasi ya kwanza, na hiyo ndiyo inayomhusu mnyama, kwani mnyama hapigwi kwa wastani wa risasi tano.

Kuhusu hizo sentimita tatu: wanaozisema wanapima kwa dakika, yaani digrii moja iliyogawanywa mara 60, ambayo katika mita 100 ni takriban sentimita 2.9. Ni kipimo kizuri cha kulinganishia bunduki na bunduki. Kama kinamfaa mwindaji, hilo ninawaachia wenye pori lao.

Mstaafu wa Handeni:

Nimesoma yote kwa makini. Nilikuwa askari wa wanyamapori kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na nimewasindikiza wawindaji wa kila namna, wenyeji na wageni. Nitajibu swali la pili, kwa kuwa la kwanza Fundi na binti yetu wa Chumbageni wamelishika pande zote mbili.

Moyo na mapafu ya swala pala hukaa katika eneo lenye upana wa sahani ya chai, na ya nyati ni makubwa zaidi ya hapo. Katika misitu yetu ya miombo na vichaka vya ukanda wa pwani, nyati hupigwa katika umbali wa mita 40 hadi 80, na pofu au kongoni pengine 100 na kidogo. Bunduki inayotawanya kwa sentimita sita katika mita 100 hutawanya kwa sentimita tatu katika mita 50. Kwa hiyo, kijana wangu, bunduki yako ilikuwa inatosha tangu mwanzo, almuradi isihame. Tatizo la porini ni kwamba mtu mwenyewe, akiwa amesimama, anahema kwa mwendo, jasho limemwingia machoni na mfuata nyayo anamnong'oneza kwamba dume ni yule wa pili kutoka kushoto, hutawanya mara tano au sita zaidi ya bunduki. Sijapata kumwona nyati aliyejeruhiwa kwa sababu bunduki ilikosa usahihi wa sentimita mbili. Niliowaona walijeruhiwa kwa sababu mtu alipiga mbali kuliko uwezo wake, au alipiga kabla mnyama hajageuka.

Umbali wako, basi, upimwe kwa miguu yako, si kwa darubini. Simama, egemea magongo matatu yaliyofungwa pamoja juu, tembea haraka kidogo kabla ili moyo udunde, kisha piga. Umbali ambao bado unaweza kuweka risasi zote ndani ya sahani hiyo ndio mpaka wako. Ukiwa ni mita 70, basi mnyama wa mita 120 ni wa kusogelewa au wa kuachwa. Usiegemeze mtutu wenyewe juu ya tawi au jiwe. Egemeza mbao ya mbele, tena juu ya kofia au kiganja chako, kwa kuwa kitu kigumu huirusha bunduki wakati wa kufyatua.

Nawasihi pia muachane na imani kwamba risasi nzito hupasua vichaka na kuendelea na safari yake. Kijiti chembamba kama kidole kinaweza kuipotosha risasi ya .375 au hata ya .458, hasa kikiwa karibu na mpigaji na mnyama yuko mbali. Tafuta tundu katika majani, au subiri. Kwa nyati aliyesimama ubavu, fuata mstari wa mguu wa mbele hadi theluthi ya kwanza ya kifua kutoka chini, maana moyo wake hukaa chini kuliko wengi wanavyofikiri. Akiwa ameelekea mbali nawe kwa mshazari, fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili na uipeleke risasi huko. Angalia na aliye nyuma yake, kwani risasi ngumu isiyopasuka hupita mwili mzima na kumjeruhi mwingine ambaye hukumkusudia wala huna kibali chake. Kwa sababu hiyo napendelea ya kwanza iwe ya ncha laini iliyotengenezwa kwa uimara, na ngumu zifuate nyuma yake ndani ya magazini.

Ukishafyatua, ingiza risasi nyingine papo hapo bila kuishusha bunduki begani, hata kama mnyama ameanguka. Kariri mahali alipokuwa amesimama. Damu nyekundu yenye mapovu ni ya mapafu na mara nyingi hafiki mbali. Damu nzito ya giza inaashiria ini. Ukiona majani yaliyosagwa ndani ya damu, umempiga tumbo, na hapo hakuna haraka yoyote, kaeni chini, mpumzike nusu saa au zaidi ikiwa mwanga unaruhusu, kisha mfuate taratibu, mmoja akitazama nyayo na wengine wakitazama mbele.

Upepo siuelezi sana kwa sababu ninyi ni watu wa pwani. Wakati wa Kusi mnajua unakotoka, lakini ndani ya miombo, jua likishapanda, hewa huzungukazunguka, kwa hiyo tembea na kitambaa chenye majivu na ukitikise kila baada ya muda. Sheria mnaijua pia: hakuna kuwinda usiku wala kupiga kutoka ndani ya gari. Na Saadani, kwa wale wa Pangani na Bagamoyo wanaoikumbuka ikiwa pori la akiba, ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Huko ni kutazama tu.

Mkazi wa Raskazone:

Nawashukuru sana. Nimefanya yale yaliyowezekana na ninaleta majibu.

Karatasi ilikwama upande wa kushoto, karibu na ncha ya mbao, kama Fundi alivyokisia. Fundi mwenye leseni hapa mjini amekwangua mfereji na kupaka vanishi, pamoja na nyuma ya kitako, ambako mbao ilikuwa tupu kabisa chini ya raba. Baada ya hapo nilikwenda bara kwa shughuli nyingine nikiwa nayo, na katika uwanja ulioruhusiwa matundu yalikuwa yamesogea kwa kiasi kidogo ambacho siwezi kukitofautisha na mtawanyiko wa kawaida. Kwa mtutu uliofutwa hadi ukakauka, risasi ya kwanza ilikaa pamoja na nyingine.

Dada wa Chumbageni naye hakukosea. Kwenye risasi bandia mdomo wa mtutu uliinama, na mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Nimeazima .22 na ninaendelea nayo.

Limebaki swali moja. Kwa kuwa sasa ninalazimika kuirekebisha darubini upya, niiweke sawa katika mita 100 kamili, au juu kidogo?

Fundi wa Dunda:

Kwa .375 yenye kichwa cha greni 300, iweke juu kwa sentimita tano katika mita 100. Ikiwa darubini imekaa sentimita nne hivi juu ya mtutu, katika mita 50 itakuwa juu kwa kama sentimita tatu, na katika mita 200 itakuwa imeshuka chini kwa kiasi kisichozidi sentimita kumi. Ndani ya mipaka aliyoieleza Mzee wa Handeni hutahitaji kukisia chochote. Utalenga unapotaka ipige. Kama ungekuwa unawinda vichakani tu, nisingekukataza kuiweka sawa katika mita 75 na kuyasahau mengine.

Angalia kwanza namna kirekebishaji cha darubini yako kinavyohesabu. Baadhi husogeza sentimita moja katika mita 100 kwa kila mlio wa kukizungusha, na zipo za robo dakika, ambazo husogeza milimita saba hivi. Piga risasi tatu, subiri mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja bila kuuachia, ndipo uzungushe. Anayezungusha baada ya kila tundu huishia kuufukuza mtawanyiko wa bunduki yake mwenyewe na kumaliza boksi zima, na bei ya risasi za .375 unaijua. Ukishapata mahali pake, weka alama nyingine ya rangi ya kucha kwenye kirekebishaji, na ukishavuka Segera kuelekea bara piga risasi moja ya uthibitisho popote ulipo na ruhusa, kabla hujaingia kwenye kitalu cha uwindaji.

Mlengaji wa Chumbageni:

Na tundu la risasi hiyo ya uthibitisho liandikiwe tarehe kwenye ile karatasi.